Viti vya Bi Mwanatumu

Jua likiwa bado halijapanda juu ya mapaa, Bi Mwanatumu alikunja mikono ya gauni lake mpaka juu ya viwiko, akajitanda kanga, akatoka kwenda kulisha.

Mji mzima wa Pangani ulijua maana ya neno hilo. Kila mtaa ulikuwa umemwekea kiti chake, na kila mtaa ulitaka chake kiwe kizuri kuliko vya wenzake. Wa sokoni walijenga cha saruji, wakakipaka rangi ya kijani na kukichora maua. Wa kivukoni walileta kiti cha kinyozi, kile cha kuzunguka, ngozi yake imeshonwa kwa uzi wa nyavu. Misufini, ambako watu wake wanapenda raha, walisuka kiti cha kamba chenye mahali pa kuegemeza miguu. Hakuna mtu mwingine aliyevikalia viti hivyo. Hata mbuzi walifukuzwa.

Siku hiyo alianzia Misufini, mbele ya nyumba ya Bi Zuwena, shoga yake wa tangu utotoni. Hajakaa sawasawa, mbu wakaanza kufika. Weusi, wembamba, miguu ina mistari myeupe kama waliovaa soksi za shule. Walitoka nyuma ya mitungi, kwenye makopo ya maua, chini ya ngazi. Walimpita Bi Zuwena aliyekuwa mlangoni anachambua mchele. Walimpita mtoto wa jirani aliyekuwa akipiga mswaki kifua wazi, naye hata hakupepesa jicho, maana katika maisha yake hajawahi kuumwa na mbu. Wakaja kutua mmoja mmoja kwenye mikono ya Bi Mwanatumu, nao wakimfikia hawana haraka. Aliwaacha wanywe mpaka matumbo yao yakawa mekundu kama punje za komamanga, wakaondoka wakiyumba.

"Leo wamekuja wengi, mwenzangu," alisema Bi Zuwena. "Watoto wako wana njaa."

"Wangu au wako? Wamezaliwa kwenye mtungi wako, wanalala chini ya kitanda chako. Mimi mnyonyeshaji tu."

"Basi wao na Raya ni ndugu wa ziwa. Mwambie asije akaolewa na mmojawapo."

"Ameshaolewa. Na yule mumewe ananyonya kuwashinda hawa."

Walicheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha, kama alivyofanya kila akimaliza kiti, Bi Mwanatumu alifungua pindo la kanga, akatoa kibia chake kidogo cha liwa, akatia maji kidogo, akajipaka mikono yote miwili. Liwa hilo alilisaga mwenyewe kwenye jiwe, kutoka kwenye kipande cha mti alichoachiwa na mama yake, akalichanganya na majani makavu ya mrihani na vitu vingine alivyovijua yeye. Lilikuwa la baridi. Vipele vilitulia, naye akashusha pumzi.

Alipoinuka, ukuta wa nyumba uliinuka pamoja naye ukaja kumwegemea. Bi Zuwena aliutupa ungo, akamdaka kwapani.

"Damu imekwisha hiyo."

"Haijaisha. Imechoka tu."

Waliiangalia pete kidoleni mwake, ile aliyopewa na Kituo, wale watafiti wa mbu. Damu ikiwa nyingi pete ilikuwa ya kijani. Tangu mvua za vuli zianze ilikuwa imekaa kwenye manjano, na sasa ukingoni ilikuwa na wekundu wa pilipili inayoanza kuiva.

Bi Zuwena akamrudisha kitini taratibu, akamletea chai ya tangawizi. Alikuwa na jambo. Bi Mwanatumu alilijua kabla halijasemwa, kwa namna shoga yake alivyokuwa akilisugua sikio la kikombe.

"Dakta ameshakwambia habari za mjukuu?"

"Ameniambia."

"Na?"

"Na nini, Zuwena? Kitoto hata shingo hakijakaza."

"Mimi sikulazimishi. Nani wa kukulazimisha wewe katika mji huu?" Juu ya mlango wake, kwenye msumari, vilining'inia viatu vidogo vya ngozi, vimekakamaa kwa miaka. Wala hakuvitazama aliposema, "Lakini unajua. Wewe unajua kuliko wote."

Alijua. Mwaka ule mama yake alipofariki huko Handeni, alikwenda kuzika, mafuriko yakakata barabara, akakaa huko majuma kadhaa akisubiri maji yashuke. Mbu wake, wasiokubali kumuuma mtu mwingine, walikaa na njaa. Mbu jike asiyepata damu hatagi, na asipotaga hana kizazi. Mitungi ikabaki mitupu. Mitungi mitupu haikai muda mrefu bila mpangaji: mbu wa porini, wale wanaomuuma kila mtu, walivuka mto wakaingia, na homa ya kidingapopo ikaingia nao. Aliporudi alimkuta Ridhiwani, kitindamimba wa Zuwena, ameshazikwa. Alikuwa ameanza darasa la kwanza, na viatu vile vilikuwa vipya.

Hakuna aliyemlaumu. Ila tangu hapo hajalala hata usiku mmoja nje ya Pangani. Raya alipoolewa Tanga, mama yake alifika asubuhi, akashuhudia nikahi, na pilau ya harusi aliila kwenye gari akirudi.

*

Dakta Ndeshi alikuja alasiri, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuwa mtu wa Moshi, lakini alikuwa amekaa pwani hadi akajua kukaa juu ya mkeka bila kuhangaika na miguu yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Raya yumo ndani na mwanawe, sema polepole."

Dakta aliweka kisanduku cheupe pembeni ya mkeka. Kilikuwa na mfuniko wa kioo na ndani yake hakikuwa na kitu. Bi Mwanatumu alikitazama kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua.

"Nieleze tena," alisema. "Juzi ulinieleza nikiwa na kizunguzungu. Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye akili zake."

Dakta alitabasamu, halafu tabasamu likaondoka. "Mbu wa kawaida ananusa kila binadamu. Ule ukoo uliotengenezwa hapa tuliufunga pua, tukaacha tundu moja tu. Kiluwiluwi anapogeuka kuwa mbu na kutoka majini, harufu ya kwanza ya mtu anayokutana nayo ndiyo inayoziba tundu lile. Ndiyo maana tunachukua kanga zako ulizokwisha vaa, tunazitundika kwenye nyumba za kuangulia, na vipande vyake kwenye kila mtungi wa mjini. Mbu anafumbua macho, anakukuta wewe. Baada ya hapo mtu mwingine kwake ni sawa na ukuta. Na ndani ya miili yao tumewatia kidudu kisichokipa kidingapopo nafasi ya kukua. Wanajaza mitungi yote, wale wabaya wanakosa pa kutagia."

"Hayo nayajua. Sema ya mtoto."

"Pete yako, Bibi, nikikudanganya nitapata dhambi. Hutaweza muda mrefu. Ukipumzika na kula vizuri, labda kidogo kidogo miaka kadhaa. Tumejaribu kuwafundisha harufu nyingine. Tuliwapa wafanyakazi wa Kituo, vijana wenye damu ya kumwagika. Walikufa kwa njaa mbele ya mkono mnono. Wazee wa Kituo wanaamini wataikubali harufu iliyo karibu na yako tu, ya damu yako, na ianze mapema. Raya tulimpima, hakufaa. Ameishi Tanga, ana harufu yake mwenyewe. Lakini mtoto mchanga bado hana yake. Ananukia maziwa na nyinyi."

"Aumwe?"

"Hapana! Si sasa. Sasa tunaomba nguo zake tu, zile anazovuliwa. Kila kizazi cha mbu kimjue kidogo zaidi ya kilichopita. Kulisha ni mpaka avunje ungo."

"Na akishavunja ungo akisema hataki?"

Dakta alianza kukunja ncha ya mkeka.

"Akitaka kwenda kusoma? Akipata mchumba wa Mwanza?"

"Wakishamjua yeye, Bibi, hawatamjua mwingine. Itakuwa kama ilivyo kwako." Alikisogeza kile kisanduku nyuma, mbali na mkeka, kana kwamba nacho kinasikia. "Mimi nimekuja kuomba. Sikuja kuchukua. Na kama ungeniuliza usingizi wangu ukoje siku hizi, ningekwambia sina."

Alipoondoka, pazia la chumbani lilifunguliwa. Raya alikuwa amesimama na mtoto begani. Alikuja kujifungulia kwa mama yake, kama desturi ya mzaliwa wa kwanza, na sasa desturi hiyo ndiyo iliyomleta mtoto kwenye mlango wa Kituo. Baada ya arobaini angerudi kwa mumewe. Kama nguo zingetolewa, zilipaswa kuanza kutolewa kabla hajapanda gari.

"Umesikia," alisema mama yake.

"Nimesikia yote. Ukuta huu wa karatasi." Akakaa. Mtoto, aliyepewa jina la Shani, alikuwa akinyonya ngumi yake mwenyewe kwa bidii. "Mama, sema wewe. Ukisema ndiyo, nitatoa nguo. Ukisema hapana, tutaondoka zetu."

"Kwa nini mimi? Wewe ndiye mama yake."

"Kwa sababu mimi sijalisha hata siku moja. Aliyelisha ni wewe."

Bi Mwanatumu aliinyosha miguu. Alikumbuka siku aliyokubali. Mumewe alikuwa ametoka kuzikwa, amekufa kwa homa hiyo hiyo, na Kituo kikamtafuta mtu mzima wa kujitolea. Aliweka mkono ndani ya wavu mwenyewe, akili zake timamu, na hasira yake kifuani. Hakuna aliyemshika mkono akauingiza. Alikuwa amechoka na mbu, ndiyo, alikuwa amechoka na viti na maua yake ya kuchorwa, lakini siku ile ilikuwa yake, na ikimjia mpaka leo hakuwa na wa kumlaumu.

Kisha akaviona akilini viatu vya Ridhiwani kwenye msumari wa Zuwena, na mawazo yote yakarudi yalikoanzia.

*

Siku ya arobaini nyumba ilijaa wanawake tangu asubuhi. Sufuria za wali wa nazi zilipangwa uani, kaimati zikamwagiwa shira, na shangazi zake Raya waliofika kutoka Muheza walikuwa wameshagombana kuhusu chumvi na kupatana. Mtoto alinyolewa, akaogeshwa, akavikwa gauni jeupe. Lile alilovuliwa, lenye harufu ya maziwa yaliyoganda shingoni, Bi Mwanatumu alilikunja akaliweka pajani pake. Dakta Ndeshi alikaa karibu na mlango, kisanduku chake miguuni. Kila aliyeingia alikitazama kisanduku, kisha akamtazama bibi.

Katika nyumba ile kulikuwa na desturi, yenye umri mkubwa kuliko Kituo: anayetaka kumpakata mtoto siku ya arobaini apakwe kwanza liwa la nyumba, mikononi, ili mtoto asishtuke kwa harufu ngeni. Tangu Raya mwenyewe atolewe nje hapakuwa na mtoto mwingine wa arobaini pale. Bi Mwanatumu alisaga liwa jingi kwenye jiwe lake, kwa mrihani wake na siri zake, akawapaka mmoja mmoja wakiwa kwenye foleni. Walichekeana kama wasichana.

"Nipake vizuri, shoga, nirudi bikira," alisema Bi Zuwena, akitoa mkono wa kulia tu.

"Liwa hili linaondoa vipele, haliondoi wajukuu."

Bi Zuwena akapewa mtoto. Alimpakata huku akimnusa utosini. Wote waliona wakati umefika.

"Mwanatumu," alisema bila kuinua macho. "Mbele ya hawa wote nakuomba. Ni nguo tu. Mimi mwanangu nilimpa kanzu ya Idi, akazikwa kabla hajaivaa. Usiwaache watoto wa watu."

"Ni sifa kwa ukoo wenu," mwanamke mmoja akaongeza.

"Tutampa kila anachotaka," mwingine akasema. "Tutamjengea viti vizuri kuliko hivi."

Ni hilo la viti lililomkata. Bi Mwanatumu alimwona Shani akiwa na umri wake, amekaa kwenye kiti kizuri, pilau ya harusi ya mwanawe akiila garini.

"Zuwena," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila nikipita mlangoni kwako naviona vile viatu. Nitaendelea kuviona mpaka nife. Nitalisha mpaka pete hii iwe nyeusi, na nikianguka mnibebe mniweke kwenye kiti, nilishe hivyo hivyo. Damu yangu niliwapa, na bado nawapa. Lakini huyu si wangu wa kumtoa. Wala si wenu. Mwenye mkono ni yeye, naye hajui hata kama ana mkono."

Akalichukua lile gauni dogo, akalitia kwenye mkoba wa Raya wa safari, akafunga zipu.

Bi Zuwena alimrudisha mtoto kwa Raya, kwa uangalifu, kama anayerudisha sahani ya watu. Halafu akavaa kandambili zake akatoka uani, akasimama karibu na mtungi, mgongo wake umeugeukia mlango.

Haukupita muda mrefu.

"Mama wee! Nimeumwa!"

Kilio hicho hakikuwa kimesikika Pangani kwa miaka. Wanawake walitoka mbio. Bi Zuwena alikuwa ameunyosha mkono wa kulia mbali na mwili wake kana kwamba unaungua, na juu yake mbu alikuwa ametua akinywa bila wasiwasi. Kabla hawajasema kitu, shangazi wa Muheza akajipiga kofi. Na mwingine. "Wamegeuka!" mtu akapiga kelele. "Amewakataa, wametugeukia!" Nyungo zikaanguka, kaimati zikamwagika, watoto wakaanza kulia kwa kuona mama zao wanacheza ngoma isiyo na ngoma.

Dakta Ndeshi alishika mkono wa Bi Zuwena kwa nguvu. "Usimpige. Tafadhali, Mama, usimpige." Akammulika mbu kwa tochi yake ndogo. Mgongo wa mdudu ukang'aa buluu, alama ya Kituo. "Ni wetu," alinong'ona. "Si wa porini. Ni wetu, na anakuuma wewe."

Akautazama mkono wa kushoto wa Bi Zuwena. Haukuwa na liwa wala kipele. Akawatazama wote waliokuwa wakijikuna, kisha mikono yake mwenyewe, isiyo na kitu, ambayo mbu waliipita kama ukuta. Akainama akaunusa mkono wa Bi Zuwena. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyepotewa na ufunguo akaukuta mfukoni.

"Bibi. Hii uliyowapaka ni nini?"

"Liwa. Si ndilo ninalojipaka kila siku mbele yako?"

"Mbele yangu," alisema Dakta. "Kila siku. Tulikukataza sabuni, tulikukataza marashi na udi..."

"Hili si marashi. Hili ni la vipele." Ndipo Bi Mwanatumu mwenyewe aliposimama kabisa. Kanga zake. Kanga zilizotundikwa kwenye nyumba za kuangulia, kila moja imeshika liwa kutoka mikononi mwake, kizazi baada ya kizazi.

"Nipake," alisema Dakta Ndeshi, akikunja shati.

Alimpaka. Walisubiri wote. Mbu mmoja alizunguka, akashuka, akatua kwenye mkono wa Dakta, akazamisha mrija wake. Dakta alianza kucheka, kisha machozi yakamtoka, na hakujua ayafute kwa mkono upi.

Bi Mwanatumu aligeuka haraka. Kule chumbani shangazi mmoja, asiyejua lolote la uani, alikuwa amechovya kidole kwenye kibia ampake mtoto kwenye paji la uso. Aliruka kizingiti kama msichana, akampokonya kibia kabla kidole hakijamfikia mtoto.

*

Kituo walipima kwa siku kadhaa, kwa mikono ya watu wa kila namna: wazee, vijana, wa ukoo na wasio wa ukoo. Dakta akaja kueleza sokoni, mbele ya kiti cha saruji. Jasho la mtu mzima likichanganyika na liwa lile, alisema, ndiyo harufu wanayoijua. Jasho la nani, kwao si kitu. Wazee wa Kituo walikosea, naye alikosea pamoja nao. Mtu yeyote mwenye afya angeweza kulisha, na watu wakigawana zamu, hakuna ambaye pete yake ingetoka kwenye kijani.

Watu walipiga vigelegele. Walishangilia kama mvua imenyesha baada ya kiangazi. Bi Mwanatumu alisubiri wamalize, akaweka kibia cha liwa juu ya kiti.

"Haya," alisema. "Nani aanze?"

Vigelegele vikaisha.

"Mimi nina presha," alisema yule aliyesema habari za sifa kwa ukoo.

"Mimi nauza vitumbua. Nani atanunua vitumbua kwa mwenye vipele?"

Wanaume walikuwa wamesimama nyuma, na ghafla kila mmoja akawa na jambo la kumwambia mwenzake kuhusu bei ya samaki. Mmoja akasema hayo mambo ya liwa ni ya kina mama. Bi Mwanatumu aliwatazama bila hasira. Aliwajua kwa majina, na majina ya watoto wao.

"Kwa mtoto wa arobaini hamkuwa na presha," alisema tu.

Walitazama chini. Kisha watu wa nyuma wakasogezana, na Bi Zuwena akapita katikati, kanga yake ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kupika kwenye shughuli kubwa. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya arobaini. Alikifuta kiti kwa kiganja, akakaa, akautoa mkono.

"Nipake wa kushoto," alisema. "Wa kulia nalia wali."

Bi Mwanatumu alichovya vidole. Alimpaka kutoka kwenye kiwiko kushuka, polepole, mpaka kwenye kifundo. Mbu wa kwanza alipotua Bi Zuwena alifumba macho, na midomo yake ikatamka jina, bila sauti. Lilikuwa jina la mtoto, na Bi Mwanatumu ndiye peke yake aliyelisoma.

"Inauma hivi?" Bi Zuwena aliuliza, macho bado amefumba. "Miaka yote hii inauma hivi, na unakaa hapa unanitania?"

"Ukitania inapungua."

Muuza vitumbua akavuta pumzi, akaanza kukunja mkono wa gauni. Nyuma yake kijana mmoja wa kivukoni akaanza kufungua vifungo vya shati lake, huku akiwaangalia wenzake kama wanaweza kumcheka. Hawakucheka.

*

Asubuhi ya safari Bi Mwanatumu alioga kwa sabuni yenye harufu ya waridi, ambayo Raya alimletea. Alisugua mikono mpaka maji yakatoka safi. Chetezo kilikuwa kimewaka tangu alfajiri, na gauni lake lilipata moshi wa udi kwa mara ya kwanza tangu ujane wake. Akalivaa likiwa bado na joto. Pete aliirudisha Kituo. Kidoleni ilibaki alama nyeupe.

Alikaa kibarazani kusubiri gari la Tanga. Angelala huko, kwa mwanawe, siku nyingi kadiri atakavyo. Ng'ambo ya barabara kiti cha jirani kilikuwa na mtu: mwalimu wa shule, amekunja suruali mpaka gotini, maana alisema mikono anaihitaji kwa chaki, na wanafunzi wake walikuwa wamemzunguka wakimcheka kila alipokunja uso.

Shani alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake. Mbu mmoja alitoka kivulini mwa mtungi. Bi Mwanatumu alimwona tangu mbali, akamjua kwa soksi zake. Alikuja moja kwa moja kama kawaida, akazunguka juu ya mtoto, akazunguka juu ya bibi, akasita hewani kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kisha akageuka, akavuka barabara kwenda kwa mwalimu.

"Mama, gari limefika!" Raya aliita.

Bi Mwanatumu alitaka kuinuka, ndipo alipouona mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umelala juu ya ukingo wa kibaraza, kiganja juu, na gauni limekunjwa mpaka juu ya kiwiko. Hakukumbuka kulikunja. Aliuangalia kwa muda, ule mkono wenye madoa ya miaka, ukingoja. Halafu akaushusha mkono wa gauni polepole, akafunga kifungo cha kifundoni, akambeba mjukuu wake.